Jicho la Kamati

Jumapili ile ya Desemba, mchungaji wa kanisa la Bascom aliisogeza ibada kutoka saa tano hadi saa tatu asubuhi. Tangazo la mlangoni lilisema ni "kwa ajili ya familia," lakini hata watoto wa darasa la Jumapili walijua sababu. Saa sita mchana kamati ya mpira wa Kimarekani wa vyuo ingetokea kwenye televisheni kutaja timu kumi na mbili zitakazoingia mchujo wa kumtafuta bingwa wa nchi nzima. Basi Mwenyezi Mungu akaambiwa asogee kidogo, akasogea, maana Yeye hana makuu. Bi Orlene Stubblefield hakusogea. Alikaa kwenye kiti chake kilekile, mkoba mapajani, akahesabu kimya kimya dhambi za watu waliomzunguka, na zilikuwa nyingi.

Sahani ya sadaka ilimpitia ikiwa mikononi mwa Wendell Coates, mzee wa kanisa, aliyevaa tai yenye picha za nyumbu wadogo wanaopiga mateke. Nyumbu, yule mnyama wa kubeba mizigo, ndiyo jina la timu ya Chuo cha Bascom. Bi Orlene alitia sadaka yake, akaitazama ile tai, akamtazama Wendell machoni. Wendell akakohoa, akapita. Mchungaji alipoinua mikono kutoa baraka za mwisho, Wendell alikuwa ameshatoka nje na gari limeshawaka.

Na alikuwa anakwenda wapi? Nyumbani kwa Bi Orlene mwenyewe.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Marehemu mumewe, Hoyt, alikitengeneza chumba cha chini ya nyumba kwa mikono yake, akakipaka rangi ya kijani ya chuo, akatia makochi na televisheni kubwa kama mlango wa zizi. Kila Jumapili ya Uteuzi rafiki zake walikuja kusikiliza hukumu ya kamati. Hoyt alipofariki, mwaka juzi, wale rafiki hawakuacha kuja. Walisema wanakuja kumfariji mjane. Mjane alikuwa hajawahi kuona faraja inayoacha makombo mengi namna ile.

Aliwavumilia kwa sababu ya Lyle, mwanawe wa pekee, aliyekaribia miaka arobaini na kulala kwenye chumba cha uani kama mwanafunzi wa bweni. Pombe ilimnyang'anya Lyle kazi, kisha vidonge vikamnyang'anya mke na nyumba. Sasa alikuwa na miaka mitatu bila kugusa kitu. Alikuwa na sarafu ya shaba, alama ya miaka hiyo, aliyopewa na kikundi cha wanaoacha ulevi, wanaokutana katika chumba cha chini ya kanisa la Wamethodisti, na mkono wake ulikuwa daima mfukoni ukiisugua. Kiapo cha kikundi hakikubagua: pombe, vidonge, majani, chochote kinachogeuza kichwa. Ukionja, unarudi siku ya kwanza. Na hakimu alikuwa amesema wazi kwamba binti ya Lyle, Josie, atakuja kwake kila Jumamosi maadamu baba yu safi. Josie alikuwa na miaka tisa na alipenda kukata vitunguu jikoni kwa bibi yake akijifanya analia. Jumamosi hizo ndizo zilizombakisha Lyle duniani. Bi Orlene alilijua hilo kama alivyojua jina lake.

Lakini Lyle aliipenda Nyumbu, na mpira bila watu wa kuzozana nao ni kama mkate bila chumvi. Bi Orlene alijiambia: heri azozane chini ya miguu yangu ninapomsikia.

Garland Tate alifika wa kwanza. Huyu alikuwa muuza bima, mtu wa kicheko kikubwa na mashati yanayombana. Kiangazi kile alikuwa amekwenda milima ya Kolorado kwenye kile alichokiita mafungo, ambako wanaume wazima hulazwa juu ya mikeka, wakanyweshwa uyoga wa kulevya, wakaambiwa kile wanachokiona ni hekima. Alirudi na shanga mkononi na tabia ya kumshika mtu mkono kupita muda wa adabu.

"Bi Orlene," akasema, akiushika mkono wake, "roho yako leo inang'aa."

"Ni mafuta ya soseji," akajibu Bi Orlene, akauchomoa mkono.

Garland akaweka chupa ya chai juu ya meza ya jikoni. "Hii tafadhali usiiguse. Chai yangu ya tumbo. Nitakuja kuichukua."

"Tumbo lina nini?"

"Lina mambo yake tu, Bi Orlene."

Garland alipoteremka ngazi, Bi Orlene aliifungua ile chupa kabla kiatu chake hakijagusa ngazi ya mwisho. Juu ulikuja mvuke wa tangawizi na asali. Chini yake ilikuja harufu nyingine, ya udongo ulio chini ya gogo lililooza. Bi Orlene alikulia shambani. Alijua harufu ya kitu ambacho hata nguruwe hukipita. Akafunga.

Wengine wakafika: Wendell na tai yake ya mateke, na Rudd, fundi viyoyozi, mtu mwembamba mwenye macho ya ndama, ambaye lolote alilolisema Garland asubuhi yeye alikuwa ameliamini kabla ya mchana. Lyle akatoka uani akateremka nao. Bi Orlene akachukua sinia la mayai ya kuchemsha yaliyotiwa haradali, akasimama juu ya ngazi, mahali ambapo mtu husikia yote na haonekani ila akitaka.

Chini walikuwa wameanza na kamati.

"Tumefungwa mechi moja tu," Wendell alikuwa akisema. "Moja! Tena kwenye mvua, kwa pointi moja. Port Sorrel wamefungwa tatu. Sasa mtu ananiambia Port Sorrel wataingia na sisi tutabaki nje?"

"Wana uwanja mkubwa," akasema Lyle.

"Uwanja unacheza?"

"Wana jina, Wendell. Sisi ni nyumbu. Mama punda, baba farasi, na uzazi hakuna."

"Ni baba ndiye punda," akasema Rudd.

"Basi nimekosea wazazi. Uzazi bado hakuna."

Wakacheka. Bi Orlene naye, juu kule, alibana midomo. Mwanawe alipokuwa mzima alikuwa mcheshi, na kicheko hicho kilikuwa kimechukua muda mrefu kurudi.

"Tatizo ni lile jicho," akasema Garland. "Mmemsikia mwenyekiti wao Jumanne? Eti hawahesabu ushindi peke yake. Eti wanatazama kwa jicho! Wanakaa hotelini, wanakula kamba wa baharini, halafu wanasema, jicho letu limeona kwamba Port Sorrel ni bora. Limeona wapi? Limeona nini? Mtu anaona kisichokuwepo, halafu sisi wengine tukubali kwa sababu ameona yeye!"

"Wapumbavu," akasema Wendell.

"Wezi," akasema Rudd.

"Ndiyo maana leo tutafanya kama mwaka ule," akasema Garland, na sauti yake ikashuka, ikawa na utamu wa muuza bima aliyekwisha kuona kalamu ikifunguliwa. "Mwaka ule tulioteuliwa, chumba kizima kilikunywa, ingawa wakati ule ilikuwa pombe. Mimi, Rudd, Wendell. Kila mtu chumbani. Bahati ya mpira haitaki mtu mmoja abaki nje."

"Na baba?" akauliza Lyle.

"Hoyt alikuwa hapo hapo kwenye kiti chake, na kikombe mkononi."

Kikombe cha Hoyt siku ile kilikuwa na maziwa ya moto. Tumbo la Hoyt lilikuwa na vidonda, na aliyeyachemsha maziwa yale ni Bi Orlene. Hoyt alikuwa mtu wa kuogopa hata dawa ya kikohozi.

"Mimi sinywi, Garland," akasema Lyle. "Unajua."

"Huu wa leo si ulevi, ndugu yangu. Huu ni mmea. Pombe inafunga, huu unafungua. Rudd, mwambie."

Rudd akakohoa kama anayetoa ushuhuda. "Mimi mara ya kwanza nililala sebuleni kwa dada yangu, nikaona zulia linapumua. Nikalia, bwana. Nililia saa nzima, kwa sababu miaka yote ile nilikuwa nalikanyaga na sijawahi kuliomba radhi."

"Mimi niliongea na friji," akasema Wendell, mzee wa kanisa. "Likaniambia nimsamehe baba yangu."

"Ukamsamehe?"

"Nilimpigia simu. Hakupokea. Ilikuwa usiku."

"Hizo ni za watoto wachanga," akasema Garland. "Mimi kule milimani nilitoka mwilini kabisa. Nikawa mpira. Mpira wenyewe! Nikarushwa juu, nikauona uwanja wote wa Bascom, kila mtu na kiti chake, nikaelewa kwamba sote ni kitu kimoja."

"Nani alikudaka?" akauliza Rudd.

"Mungu."

"Anachezea timu gani?"

"Rudd, usinifanyie mzaha kwenye jambo takatifu."

Juu ya ngazi Bi Orlene aliongeza dhambi nyingine kwenye hesabu yake ya asubuhi. Friji linafundisha msamaha! Mtu huyu amebeba sahani ya Bwana miaka yote hii, mahubiri yamempita kama maji juu ya bata, mpaka akafundishwa na sanduku la kuwekea maziwa.

Kisha Garland akaanza tena.

"Lyle, sikutaka kukuambia mbele za watu. Kule milimani nilimwona baba yako. Amevaa kofia yake ya kijani. Akaniambia: mwambie Lyle akae kwenye kiti changu, anywe pamoja na wenzake, na Nyumbu wataingia. Maneno yake hayo. Mimi ni mjumbe tu."

Bi Orlene alingoja Lyle aseme hapana, akangoja tena, na hapana haikuja.

Akarudi jikoni. Angeweza kuimwaga ile chai na kuwafukuza wote. Hilo lilikuwa jambo jepesi, na mikono ilimwasha kulifanya. Lakini alimjua Garland. Angeondoka na kicheko chake, angeketi nyumbani kwake na chupa nyingine, na Lyle angemfuata kumtafuta baba yake kule ambako mama hana ngazi ya kusimama. Ukimfukuza mbwa na mfupa wake, ataenda kuutafuna usipomwona.

Juu ya meza palikuwa na makopo mawili ya uyoga wa kawaida, ule mweupe wa dukani, aliouweka tayari kwa maharage mabichi ya kuoka. Kopo moja lilikuwa limeshaingia kwenye maharage, nayo yalikuwa yameshaiva. Alilitazama la pili.

Chai ya Garland ikaenda chooni, akavuta maji mara mbili. Akaiosha chupa kwa maji ya moto na magadi, akainusa, akaiosha tena. Akachemsha uyoga wa kopo pamoja na tangawizi na asali, akachuja, akamimina. Akaionja kwa ncha ya ulimi: ilikuwa mbaya kama inavyostahili. Alipoiweka chupa mahali pake alijua kwamba amedanganya, tena Jumapili. Akamwambia Bwana watazungumza baadaye.

Garland alikuja kuichukua huku akiimba wimbo wa chuo.

Bi Orlene akateremka na mayai yake na bakuli la maharage, safari hii hadi chini, akayapanga polepole kuliko ilivyohitajika. Alitaka Lyle amwone. Garland alikuwa anamimina kwenye vikombe vya karatasi na kuviita vya chai ya tumbo, akimkonyeza Rudd, kana kwamba mjane ni kipofu. Lyle alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yake. Tangu Hoyt afariki hakuna aliyekikalia.

"Chai, Lyle?" akasema Garland.

Lyle alimtazama mama yake. Bi Orlene alimtazama tu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo, kama mtu anayesukuma mlango. Kataa, mwanangu. Ndani hamna kitu, lakini wewe hujui, basi kataa.

Lyle akainamisha macho, akapokea kikombe, akanywa kama dawa.

Bi Orlene alipanda ngazi akashika reli kwa mikono miwili. Alikuwa amemwokoa na sumu. Kitu alichotaka hasa kumwokoa nacho kilikuwa kimekwisha kupita, na hapakuwa na kopo la kukizuia.

Robo saa haijapita, mambo yakaanza chini.

"Nahisi vidole," akasema Rudd. "Jamani, nina vidole vingi."

"Pumua," akasema Garland. "Usipigane nao."

"Zulia hilo hapo! Limeanza kupumua, tazameni! Pole, zulia. Pole sana." Na Rudd, fundi mwenye wajukuu, akavua viatu.

Wendell alisema televisheni ina ukingo wa zambarau. Kisha akasema tai yake inapiga mateke kwelikweli, akaivua, akaiweka mbali naye juu ya kochi, akaichunga. Garland akafumba macho, akaanza kuitikia kwa kichwa kwa huruma ya mtu anayesikiliza wakubwa.

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Hoyt. Nakusikia."

"Yupo?" akauliza Wendell.

"Yupo hapa. Amependeza. Anasema... ngoja... anasema tusiogope, Bascom imo. Anasema mmoja wetu moyo wake mzito, aufungue. Na anasema kuna jambo dogo. Vile viti vyake viwili kule uwanjani, karibu na mstari wa katikati. Anasema vinamsikitisha vikikaa vitupu. Angependa vikaliwe na rafiki."

"Rafiki gani?" akauliza Rudd.

"Hakutaja jina," akasema Garland. "Ananitazama tu."

Juu ya ngazi Bi Orlene alifunika mdomo kwa aproni. Miaka thelathini na minane alilala ubavuni mwa Hoyt, na tangu amzike amemwomba Mungu amwone japo ndotoni, hajamwona. Na leo Hoyt amepita kwake asibishe hodi, akaenda kumtokea muuza bima kwa nguvu ya uyoga wa kopo, ili azungumzie viti.

Saa sita ikafika, na kamati ikatokea: wanaume wenye suti, na mwenyekiti wao mwenye meno mengi. Timu zikatajwa moja moja, na kila jina lilipopita wale watu chini walisogea ukingoni mwa makochi. Zikabaki mbili. Ikabaki moja.

"Port Sorrel," akasema mwenyekiti.

Bi Orlene alikuwa amesikia vilio vya misiba vyenye adabu kuliko ule. Wendell alitaja jina la Bwana kwa namna ambayo hakulitaja asubuhi. Rudd akalala kifudifudi juu ya zulia alilokuwa akiliomba radhi. Mtangazaji akamuuliza mwenyekiti kwa nini Bascom, iliyofungwa mara moja tu, imeachwa. Mwenyekiti akatabasamu. Akasema takwimu ni kitu kimoja, lakini kamati ilitazama kwa jicho, na jicho liliona kitu kwa Port Sorrel ambacho hakihesabiki.

"Mwongo!" akapiga kelele Garland. "Mwongo wa mchana kweupe! Umeona nini, wewe? Wameambiana waseme wameona, basi kila mmoja anasema ameona kwa kuogopa mwenzake!"

"Lakini Hoyt alisema tumo," akasema Rudd kutoka chini.

Garland aliutafuta mlango wa kutokea, na haikumchukua muda kuupata.

"Alisema tumo tukifungua mioyo. Sote." Akageuka. "Lyle. Wewe umeona nini?"

"Sijaona kitu," akasema Lyle.

"Kitu chochote? Rangi? Joto?"

"Kiti ni kiti, Garland. Zulia ni zulia. Nimekaa hapa nimengoja kumwona baba, na sijamwona."

"Haya basi, tumempata," akasema Garland, akipiga paja. "Umefunga mlango! Umekunywa kwa woga. Mtu mmoja chumbani amefunga moyo, na msimu mzima umekwenda na maji. Hata baba yako amegeuka akaondoka, nimemwona."

"Kweli, Lyle, ungejitahidi kidogo," akasema Wendell kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya zaidi.

Lyle aliitoa ile sarafu ya shaba mfukoni, akaitazama kiganjani, na uso wake ukawa uso ule wa zamani, uso ambao Bi Orlene aliwahi kuufungulia mlango mara nyingi akiwa na taulo na ndoo.

Hapo alishuka. Hakushika reli. Mkononi alikuwa na kopo tupu, akaliweka katikati ya meza, kati ya mayai na chupa ya chai.

"Uyoga wenu ndio huu," akasema. "Ule mwingine nimeumwaga chooni."

Walilitazama kopo kama ng'ombe wanaotazama lango jipya.

"Bi Orlene," akasema Garland, "sielewi."

"Soma. Si imeandikwa? Uliokatwa vipande, ndani ya maji na chumvi. Mwenzake yumo kwenye maharage mliyokula."

"Nimekula mara mbili!" akasema Rudd, akikaa.

"Ndiyo maana zulia lako lilipumua sana."

"Lakini nililiona, Bi Orlene. Naapa."

"Kama yule wa kwenye televisheni alivyoiona Port Sorrel."

Wendell akaichukua tai yake, akaikunja, akaikunja tena mpaka ikawa ndogo kabisa. Hakumtazama Bi Orlene. Lakini Garland hakuwa mtu wa kuaibika upesi; aibu kwake ilikuwa bidhaa ya kuwauzia wengine.

"Mwili una kumbukumbu," akasema. "Ukishafunguliwa, hata maji yanatosha. Tena, kwa heshima zote, umetudanganya. Wewe, mwanamke wa sala."

"Nimedanganya, na leo hii nitapiga magoti kwa hilo. Wewe utapiga lini kwa kumtia marehemu maneno mdomoni? Hoyt alikunywa maziwa siku ile. Nimeyachemsha mimi. Na kuhusu vile viti viwili, mwambie Hoyt wa kopo akupe viti vya kopo. Sasa vaeni viatu. Mayai mnaweza kubeba."

Waliondoka. Rudd peke yake ndiye aliyebeba mayai. Nje walisimama kando ya magari yao na ubishi ukaanza upya, kuhusu kamati, kuhusu jicho, na Rudd alisikika akisema kwamba hata hivyo vidole vilikuwa vingi.

Lyle alikuwa bado kwenye kiti cha baba yake. Bi Orlene akakaa kwenye ukingo wa kochi, karibu naye, akampigapiga goti.

"Umesikia, mwanangu. Ilikuwa supu tu. Hujagusa kitu. Weka sarafu yako mfukoni, Josie anakuja Jumamosi, na hakuna lililotokea."

Lyle alilichukua kopo, akalizungusha, akatabasamu kidogo; kisha tabasamu likaisha.

"Mama, hao walikunywa uyoga wa kopo," akasema. "Mimi nilikunywa wa Garland."

"Lakini haukuwa—"

"Nilijua ni nini nilipopokea. Ulinitazama, na nikajua, na nikanywa. Baada ya hapo nilikaa hapa nikiuomba unishike." Akaweka kopo chini. "Nikisema sijagusa, nitakuwa naona kisichokuwepo. Kama wao."

Bi Orlene alitaka mno mwanawe aseme uongo huu mmoja mdogo, akaona haya kwa kutaka kwake.

"Na hakimu?" akauliza.

"Sijui. Nitamwambia mama yake Josie mwenyewe, kabla hajasikia kwa mtu. Kikundi kinakutana saa nane. Nataka kusimama niseme ni siku ya kwanza." Akamnyoshea ile sarafu. "Nishikie hii. Si yangu tena."

Aliichukua. Ilikuwa ya moto kwa kusuguliwa. Akapanda kuchukua funguo za gari na koti.

Aliendesha yeye. Mbele ya kanisa la Wamethodisti palikuwa na watu wawili watatu wanavuta sigara kando ya mlango wa chini, mikono mifukoni, na mmoja wao alipomwona Lyle aliitupa sigara yake akaanza kuja.

"Utaningoja?" akauliza Lyle.

"Nenda tu. Nipo."

Alimtazama akiteremka mpaka mlango ukafungwa. Redio ya gari ilikuwa bado inabishana: mtu mmoja akisema jicho la kamati limeona sawa, mwingine akisema limepofuka, wa tatu akisema yeye alikwisha kuyaona yote haya tangu Septemba. Bi Orlene aliizima. Akaifunga sarafu ndani ya leso yake ya kanisani, akainamisha kichwa juu ya usukani, akaanza na dhambi yake mwenyewe.